Waranti ikiisha, wajibu wa muuzaji nao umeisha?

Runinga ya bei nafuu iliyonunuliwa Luthuli, Nairobi, inazima mwezi wa 14. Sauti ipo, picha hakuna. Mnunuzi anairudisha dukani na risiti mkononi, anaambiwa waranti ilikuwa ya miezi 12. Wengi hukubali yaishe, wakaenda kwa fundi. Kisheria, mazungumzo hayakupaswa kukatika hapo.

Waranti ni ahadi ya muuzaji au mtengenezaji mwenyewe. Sheria ina yake kando. Kifungu cha 46 cha Katiba ya 2010 kinampa mteja haki ya kupata bidhaa zenye ubora unaofaa, na fidia akipata hasara kwa sababu ya kasoro. Sheria ya Kulinda Wateja ya 2012 nayo inamhesabu muuzaji kuwa ameudhamini ubora huo, apende asipende, na inabatilisha sharti lolote la kuukana. Kwa hiyo ule muhuri wa "mali ikishauzwa hairudishwi" hauna nguvu nyingi kama unavyoogopwa. Na muda wa kushtaki kwa kuvunjwa mkataba ni miaka 6.

Hapo wauzaji hung'aka, na wana sababu. Miaka 6 ni muda wa kufungua kesi tu. Hakuna aliyeahidi kwamba birika la umeme la bei ya chini litachemsha maji muda wote huo. Ubora hupimwa pamoja na bei. Tena stima yetu hupanda na kushuka, na si kila nyumba ina kifaa cha kuizuia. Blenda ya nyumbani ikisaga juisi kibandani kutwa nzima hadi ikaungua, mwenye duka ana kosa gani? Yeye mwenyewe alichukua mzigo kwa jumla na faida yake ni nyembamba.

Hoja ya bei naikubali nusu. Bei ndogo inaeleza picha hafifu, spika za kukwaruza na plastiki nyepesi. Haielezi kifaa kufa kabisa baada ya mwaka na kidogo. Runinga za aina hii mara nyingi huponzwa na taa za LED zilizo nyuma ya kioo: taa ni chache, zinasukumiwa umeme mwingi ili picha ing'ae, na joto linazimaliza taratibu. Mnunuzi angeikagua dukani mpaka jioni asingeliona hilo. Hilo lina uzito, kwa sababu Sheria ya Uuzaji wa Bidhaa humnyima kinga mnunuzi aliyekagua bidhaa kwa kasoro ambazo ukaguzi wake ungezifichua, si kwa zilizojificha ndani.

Tatizo kubwa ni ushahidi. Mwezi wa 14, mnunuzi ndiye wa kuthibitisha kwamba kasoro ilikuwemo tangu siku ya kununua. Umoja wa Ulaya, kwa sheria yake ya 2019, umeuweka mzigo huo kwa muuzaji katika mwaka wa kwanza. Uingereza ni miezi 6. Hata huko, muda huo ukipita, mnunuzi anajitafutia ripoti ya mtaalamu. Hapa kwetu fundi wa mtaani anaujua ugonjwa vizuri, ila akishakifungua kifaa, dukani watasema kimechokorwa. (Afadhali umlalamikie muuzaji kwa maandishi kabla bisibisi haijagusa skrubu.)

Mahakama ya Madai Madogo ipo, husikiliza madai yasiyozidi shilingi milioni 1, inatakiwa kuamua ndani ya siku 60, na si lazima uwe na wakili. Lakini kwa runinga ya shilingi 12,000, nauli na siku za kibarua zilizopotea zinakula sehemu kubwa ya ushindi.

Wako wanaotaka waranti ya lazima ya miaka miwili. Naiogopa: gharama itaingizwa kwenye bei, na atakayefungiwa nje ni yule yule anayehesabu mia mia. Ningeanza na spea. Tangu Machi 2021 Umoja wa Ulaya unawalazimu watengenezaji kuwa na spea za friji kwa angalau miaka 7 na za mashine za kufulia kwa miaka 10. Hapa, wajibu kama huo ungemwangukia mwagizaji mkubwa, ambaye mara nyingi mnunuzi hamjui hata kwa jina. Mwenye duka la Luthuli angekuwa na mahali pa kumpeleka mteja, na mwagizaji, akichoka kulundika taa za akiba ghalani, angekiuliza kiwanda kwa nini zinaungua mapema hivyo.