Kuhani wa machweo si mchawi

Jumamosi iliyopita nilitoka Sinza na hasira ambayo mpaka leo haijaniisha. Tumekaa mezani kwa mchezo wa kuigiza wahusika wa kubuni, kete zipo, juisi ya ukwaju ipo, kila mtu anamtambulisha mhusika wake. Ikafika zamu yangu. Nikasema wangu ni kuhani wa kike, anatumikia machweo, mwisho wa mambo na kuzaliwa upya. Hata sijamaliza, mwendesha mchezo keshaandika "mchawi" kwenye daftari lake, kampa fuvu na fisi. Halafu ananiuliza, "Atakuwa adui wa nani?"

Mwingine akataka hekalu lake liwe ufukweni, jua lizame baharini. Dar hii? Jua letu linatoka baharini, linatua upande wa Kimara, nyuma ya foleni ya Barabara ya Morogoro.

Jamani, siku ya Mswahili inaanzia wapi? Alhamisi jua likishatua, huo ni usiku wa Ijumaa. Magharibi ikipita tunaanza kuhesabu upya, saa moja. Na sikilizeni maneno yenyewe: kumekucha, kumekuchwa. Macheo, machweo. Kinachotenganisha ni herufi moja. Waliotuachia lugha hii walijua kuwa mwisho na mwanzo ni ndugu wa tumbo moja.

Wamisri wa kale nao waliliona hilo. Kwao Nut, mungu wa kike wa anga, humeza jua jioni, likapita mwilini mwake saa kumi na mbili za usiku, alfajiri akalizaa. Wamemchora hivyo kwenye dari la kaburi la Ramesses VI, Bonde la Wafalme. Yaani mfalme alilazwa chini, juu yake mama anajifungua.

Lakini mimi sikumtoa kuhani wangu Misri. Nilimtoa kwa bibi yangu mzaa mama, Mbagala. Bibi alikuwa mkunga, na mwanamke akifariki mtaani ndiye aliyeitwa kuosha. Mikono ileile. Nilikuwa na miaka 16 aliponiita kwa mara ya kwanza nimshikie ndoo. Nilikuwa natetemeka. Yeye alikuwa anateka maji kwa kata, anamimina taratibu, na anaongea na marehemu: "Geuka mwanangu, tumalize na upande huu." Sauti ile niliijua. Wiki moja kabla nilikuwa nimeisikia akimwogesha kichanga wa jirani, maneno yaleyale, upole uleule. Kwenye kalenda yake ya ukutani alizungushia tarehe za arobaini kwa kalamu moja: ya mzazi kutoka nje na ya msiba. Ukiitazama huwezi kujua duara lipi ni la nani. Alijua mwenyewe, na hakukosea hata mara moja.

Huyo ndiye mnataka nimpe fisi?

Haya, nakubali, magharibi inatisha. Sote tulipigiwa kelele tuingie ndani, mashetani wanapita. Lakini saa hiyohiyo nani alikuwa anawasha taa na kufukiza udi mlangoni? Mahali panapotisha ndipo panapohitaji mtu wa kusimama akushike mkono, na watu hao kwetu wapo, tena wengi ni bibi zetu, na wakizeeka peke yao tunawaita wachawi. Hilo ndilo linaloniuma zaidi ya mchezo. Neno lile lililoandikwa daftarini limewafukuza wazee wa kweli kwenye nyumba zao.

Jumamosi hii narudi Sinza. Fuvu nimelifuta kwenye karatasi yangu. Kwenye mkoba wa kuhani nimeandika: kata ya kifuu, kafuri, pamba, kanga mbili safi, wembe mpya, uzi wa kufungia kitovu. Na nimewaomba tuanze kucheza saa kumi na mbili jioni, dirisha la upande wa Kimara likiwa wazi.