Eyam: Nani Aliamua Kijiji Kijifungie?

Wakati wa Korona, kijiji cha Eyam huko Derbyshire, Uingereza, kilipata umaarufu upya. Kilitajwa kila upande kama mfano wa watu waliojifungia kwa hiari yao wasije wakawaambukiza majirani tauni. Sehemu kubwa ya habari hiyo ni kweli. Kinachobishaniwa ni hiyo hiari.

Inasimuliwa kwamba tauni iliingia mwaka 1665 ndani ya mzigo wa vitambaa kutoka London, ulioletwa kwa fundi nguo wa kijiji. Ulifika umeloa. Msaidizi wake, George Viccars, akautandaza karibu na moto ukauke, na viroboto waliokuwamo, waenezao tauni, wakapata pa kuanzia. Alizikwa tarehe 7 Septemba. Majira ya baridi vifo vikapungua, watu wakaanza kupumua. Kiangazi cha 1666 ugonjwa ukarudi kwa kishindo.

Juni hiyo mchungaji William Mompesson, ambaye hata miaka 30 alikuwa hajafikisha, alijua kuwa hana sauti ya kutosha kijijini. Akamwendea mtangulizi wake Thomas Stanley, aliyeondolewa kazini kwa kukataa utaratibu wa ibada uliolazimishwa na serikali. Wawili hao, wasiopatana kabisa kwa mambo ya dini, wakatoa masharti kwa pamoja: asitoke mtu, kila familia izike wafu wake, na ibada ihamie nje, kwenye bonde la Cucklet Delf. Earl wa Devonshire, kabaila wa Chatsworth, akasaidia kuleta mahitaji. Kwenye njia ya kwenda kijiji jirani cha Stoney Middleton lipo hadi leo jiwe lenye vishimo. Wanakijiji walitia siki humo, wakatumbukiza sarafu, na muuzaji akazichukua akiamini zimetakasika.

Mwanahistoria Patrick Wallis ameonyesha kuwa picha ya kijiji kizima cha mashujaa ilichorwa baadaye sana, kwa mikono ya washairi na wasimulizi wa karne ya 18 na 19. Na wenye shaka wana hoja. Tangu 1604 sheria iliruhusu walinzi kutumia nguvu dhidi ya mtu wa nyumba yenye tauni aliyetaka kutoka. Sheria ya 1662 nayo iliruhusu parokia kumrudisha maskini aliyehamia kwao, hata kama ni mzima wa afya. Sasa mchimba madini ya risasi wa Eyam, mwenye watoto watano na kibanda cha kupanga, angekimbilia wapi? Mompesson mwenyewe alikuwa amekwisha kuwaondoa watoto wake kijijini. Mkewe Catherine alibaki naye, akafa Agosti 1666.

Ngano za kijiji zenyewe, zile ambazo wasifiaji huzipita haraka, zinawapa nguvu wenye shaka. Ipo ya mwanamke aliyetoroka kwenda sokoni Tideswell. Alipotambulika kuwa anatoka Eyam, akafukuzwa kwa kurushiwa mawe na matope. Kama ni kweli au si kweli, waliotunga na kuirithisha walijua kuwa mpaka ule ulilindwa pia kutoka nje, tena kwa hasira.

Hata hivyo, siwezi kwenda na wenye shaka hadi mwisho. Hapakuwa na ukuta wala kikosi cha askari kuzunguka Eyam. Milima ile ina vijia vingi, na usiku ni mrefu. Kusema watu walibaki kwa sababu tu ya sheria ni kuipa serikali ya wakati ule mkono mrefu kuliko iliokuwa nao. Kwa maoni yangu uamuzi wa Juni ulikuwa wa wachache, na uliwaangukia waliokosa pa kwenda; lakini kuutekeleza kila siku, kwa miezi, ilikuwa kazi yao wenyewe. Elizabeth Hancock alimzika mumewe na watoto wao sita ndani ya siku nane za Agosti, peke yake, shambani karibu na nyumba yao. Makaburi yapo bado. Hakuna mlinzi aliyeweza kumlazimisha mtu kufanya vile.

Swali gumu zaidi ni gharama. Walikufa watu wapatao 260. Zamani ilidhaniwa kijiji kilikuwa na watu 350 tu, lakini watafiti wa sasa wanakadiria 700 hivi. Uchambuzi wa rejista ya kanisa uliochapishwa 2016 ulikadiria kuwa takriban robo tatu ya maambukizi yalitoka mtu kwa mtu, mengi ndani ya nyumba moja. Hapo sharti la kila familia kuuguza na kuzika watu wake linaanza kuonekana baya: lililinda nyumba ya jirani na kuimaliza ya mwenyewe. Mompesson hakuwa na namna ya kulijua hilo, na simlaumu.

Baadaye alihamishiwa Eakring, Nottinghamshire. Inasimuliwa kwamba waumini wake wapya walimwogopa, wakakataa aingie kijijini, na kwa muda akaishi kwenye kibanda katika msitu wa Rufford.