Taa chini ya wikio

Juzi baada ya isha mpwa wangu alinipigia simu kutoka Mombasa. Hata salamu hakuimaliza vizuri. "Shangazi, mazimwi yamejaa mlangoni kwangu, na ni kwa sababu ya wikio lako."

Alikuwa na haki. Wiki moja kabla nilikuwa nimejenga chumba juu ya kichochoro kilicho kati ya nyumba yangu na yake, kama tunavyoviona hapa mtaa wa Mkomani, Lamu, kila siku tukipita chini yake: chumba kinachokaa hewani, ukuta mmoja kwako, ukuta mmoja kwa jirani. Tofauti ni kwamba kichochoro hiki kiko ndani ya Minecraft, mchezo wa kompyuta wa kujenga. Huko mazimwi huzuka usiku penye giza, na kukipambazuka jua huyaunguza yakaisha. Sasa chini ya wikio langu jua halifiki. Yalibaki pale mchana kutwa, kivulini, yakimngoja atoke.

Tulibishana kwa dakika ishirini. Nilipokata simu niligundua kwamba nilikuwa nimefurahi sana, na tangu siku hiyo nimekuwa nikijiuliza furaha ile ilitoka wapi.

Kwa asiyeujua mchezo wenyewe: ulianzishwa na Msweden mmoja, Markus Persson, akautoa kwa watu mara ya kwanza mwaka 2009 ukiwa bado haujakamilika, na toleo kamili likatoka 2011. Mwaka 2014 Microsoft iliinunua kampuni yake, Mojang, kwa dola bilioni 2.5, na kufikia 2023 nakala zilizouzwa zilikuwa zimepita milioni 300. Kila kitu mle ni tofali la mchemraba lenye upana wa mita moja. Ardhi ni matofali, miti ni matofali, hata maji yamekaa hivyo hivyo. Unavunja hapa, unajenga pale. Hakuna anayekupa kazi. Yuko joka mkubwa ambaye ukitaka unaweza kwenda kupigana naye, na ukimshinda maandishi yatapita kana kwamba mchezo umekwisha, kisha utarudishwa ulipokuwa uendelee na mambo yako. Sisi tuna zaidi ya mwaka mmoja mle na hakuna hata mmoja wetu aliyekwenda kumtafuta.

Tuko saba. Wawili wako Mombasa, mmoja Shela, mmoja Pate, binamu yangu yuko Jeddah (bahati nzuri saa zao ni sawa na zetu), na sisi wawili tuko hapa Lamu mjini. Tunachanga pesa kila mwezi kukodi seva ndogo, yaani kompyuta ya mtandaoni isiyozimwa, ili dunia yetu iwe wazi usiku na mchana hata kama mmoja amelala au stima imepotea kwake. Tuliamua mapema kwamba tutajenga mtaa wa kwetu.

Na hapo ndipo mchezo ulipotushangaza. Nyumba za mji huu zimejengwa kwa mawe ya matumbawe na boriti za mikoko, na vyote viwili vimo. Matumbawe ya mchezoni yana rangi tano yakiwa baharini, yanapendeza kuyatazama. Ukiyapiga kwa sururu ya kawaida, au ukiyatoa nje ya maji, yanakufa na kugeuka kijivu. Kijivu kile kile! Niliposhika tofali la kwanza nilikaa kimya nikilitazama, maana lilikuwa rangi ya ukuta wa nyuma wa nyumba ya bibi yangu, mahali chokaa ilipobanduka. Mikoko iliingizwa mwaka 2022, na mbao zake zina wekundu kama zetu. Chokaa hatukuipata, tukatumia saruji nyeupe: unachanganya mchanga, kokoto na rangi, unaugusisha unga huo maji, unaganda. Zidaka, vile vishubaka vya ukutani, zilitusumbua kwa majuma, kwa sababu tofali la mita moja ni kubwa mno kwa kidaka cha kuwekea kikombe. Mpwa wangu ndiye aliyepata njia, kwa kupindua vipande vya ngazi na kuvipanga viwili viwili, mdomo kwa mdomo. Ana miaka kumi na minne. Hajawahi kuishi katika nyumba yenye zidaka, lakini sasa anajua zinakaa ukuta gani wa kile chumba kiitwacho ndani, na kwa nini chumba hicho kiko nyuma, mbali na daka la mlangoni na macho ya wapita njia.

Ami yangu alikuwa mwashi maisha yake yote. Siku moja nilimletea laptopu barazani nimwonyeshe. Alivaa miwani, akatazama ukumbi ambao binamu yangu wa Jeddah alikuwa ameujenga kwa usiku mwingi, mpana, upande hadi upande matofali tisa, bila nguzo hata moja. Akaniuliza, "Boriti hizi mmezikata wapi?"

Nikamwambia mle ndani kitu hakianguki, isipokuwa mchanga na kokoto na vitu vichache vya namna hiyo. Dari inaweza kuelea.

"Basi si nyumba ya Lamu hiyo," akasema. "Chumba chetu ni chembamba kwa sababu boriti ina mwisho wake. Mita tatu hivi, ukizidisha hapo inapinda. Ukitaka nafasi unakwenda kwa urefu, huendi kwa upana."

Usiku ule nilimwandikia binamu maneno ya ami. Nilidhani atakasirika, maana alikuwa ameutolea jasho ukumbi ule. Alijibu neno moja, "Kweli," na kesho yake nikaukuta ukumbi umebomolewa. Alijenga upya vyumba vitatu vyembamba, vimefuatana, kila kimoja matofali matatu kwa upana. Ni vizuri kuliko ule ukumbi. Tangu hapo tuna sheria ambayo mchezo haukutupa, tumejipa wenyewe: hakuna dari inayozidi matofali matatu bila ukuta chini yake. Watu husema utamu wa michezo hii ni kwamba unaweza kufanya lolote. Kwangu mimi ladha ilianza siku tulipokubaliana ni lipi hatutalifanya.

Na neno "tulipokubaliana" ndilo ninalolishikilia. Kabla ya kundi hili niliwahi kujenga peke yangu kwa miezi mitatu, jumba la ghorofa nne na bustani kubwa. Siku nilipolimaliza nilizunguka vyumba vyote, nikashuka, nikafunga kompyuta, na sikurudi tena. Hakukuwa na mtu wa kugonga mlango. Mtaani kwetu mambo ni mengine. Unaingia alfajiri kabla ya kwenda kazini, unakuta mbuzi wako wametiwa uani kwa sababu mtu wa Pate aliwaona wakizurura. Unakuta sanduku mlangoni lina samaki, halina jina. Nawe huwezi kuliacha hivyo. Unatia mikate, unalirudisha. Waliolelewa pwani wanalijua jambo hili bila kufundishwa: sahani ya futari ikitoka kwa jirani hairudi tupu. Sikutarajia kuliona likifanyika kwa matofali, tena likifanywa na vijana wawili waliozaliwa kwenye ghorofa za Mombasa ambako jirani humwoni ila kwenye ngazi.

Kuna jambo jingine. Nyumba za kwetu hazikuwa na siku ya kumalizika. Baba alijenga chini, binti alipokaribia kuolewa baba akaongeza ghorofa juu yake, na nafasi ilipokosekana akavuka kichochoro kwa wikio akaendelea upande wa pili. Ukisimama Mkomani ukainua macho unaweza kuzihesabu arusi kwa tabaka za ukuta. Ndiyo maana sishangai kwamba mchezo usio na mwisho umetukaa. Nawasikia watu wazima wakiuliza, "Sasa mkijenga hivyo mnashinda lini?" Ni swali ambalo hakuna mtu angemuuliza mwashi.

Simkatalii mzazi mwenye hofu. Mimi mwenyewe simruhusu mpwa wangu aingie peke yake kwenye zile seva kubwa ambazo mtu yeyote duniani anaingia; wageni ni wageni, iwe Mkunguni au mtandaoni. Seva yetu ina orodha ya majina, asiyekuwemo haingii. Mama yake amempa saa moja, baada ya shule na madrasa, na saa hiyo ikiisha imeisha, hata kama amebakiza tofali moja. Sipendi pia michezo inayomfanya mtoto aombe pesa kila wiki kumnunulia nguo mtu wake wa kwenye skrini. Huko sioni ujenzi, naona duka.

Na kwa asiye na pesa ya kununua mchezo, kuna Luanti. Ulianzishwa mwaka 2010 na Mfini mmoja, Perttu Ahola, ukijulikana kama Minetest hadi ulipobadilishwa jina 2024. Ni wa bure kabisa, unakwenda hata kwenye kompyuta kuukuu, na watoto watano waliokaa chumba kimoja wanaweza kuucheza pamoja kwa ruta moja bila bando hata kidogo. Mwalimu mwenye kompyuta nne za zamani shuleni anaweza kuanza Jumatatu.

Wala si vijana tu. Tangu 2012 Mojang na UN-Habitat, shirika la Umoja wa Mataifa lenye makao makuu yake pale Gigiri, wamekuwa na mradi uitwao Block by Block. Wakazi wa mahali huketi pamoja siku chache, wakiwemo wasioizoea kompyuta, wakajengewa mfano wa uwanja wao halisi ndani ya Minecraft, kisha wakaubadilisha kwa mikono yao: taa hapa, mti pale, njia ipite huku. Kibera ilikuwa miongoni mwa mahali pa mwanzo. Ninapofikiria hilo nauona mji wangu, ambao uko kwenye orodha ya Urithi wa Dunia tangu 2001, na ambao mara nyingi wataalamu huja kuuzungumzia wakiwa na michoro tayari mkononi. Mchoro wa karatasi unamnyamazisha mtu asiyejua kuusoma. Lakini mpe mama wa mtaa wa Langoni kichochoro chake mwenyewe ndani ya skrini, akipite kutoka mlangoni hadi kisimani, na atakwambia papo hapo pale pana giza, pale punda wawili hawapishani, pale maji ya mvua hutuama. Ningependa sana kuliona hilo likifanyika hapa, na ningejitolea jioni zangu.

Nirudi kwenye mazimwi. Mpwa wangu alitaka nilibomoe wikio. Mimi nilitaka abomoe baraza lake, ili jua la asubuhi lipate pa kuingilia. Kila mmoja aliona jambo lake ni la haki, na mchezo wenyewe hauna sheria ya ukuta wala ya kivuli. Tukakubaliana tumuulize ami. Nilimkuta amekaa baada ya alasiri, kahawa mkononi, nikamweleza kisa chote, mazimwi na kila kitu. Hakucheka. Aliuliza wikio lina urefu gani, na kama nilimuomba jirani ruhusa kabla ya kuegemeza boriti kwenye ukuta wake.

Nikasema sikumuomba.

"Basi kamuombe sasa. Halafu aliyeziba jua ndiye atie taa."

Usiku ule niliingia, nikayaondoa mazimwi kwa upanga, moja baada ya jingine, kisha nikasimama mlangoni kwa mpwa wangu nikamwandikia: naomba radhi, naomba na ukuta wako. Akajibu, "Nimekupa, shangazi." Nikatundika taa mbili chini ya dari ya wikio, moja kila mwisho.

Nilipoingia asubuhi zilikuwa tatu. Ya tatu iko katikati kabisa, kwenye boriti ya kati. Mpwa wangu anaapa si yake, na binamu yangu wa Jeddah, ambaye hana hata mlango katika kichochoro kile, hajajibu ujumbe wangu.