Usiridhike na Herufi ya Jibu

Msimu wa mitihani ya kuingia masomo ya udaktari bingwa ukikaribia, simu yangu hujaa madesa. Maswali elfu mbili kwenye faili moja, herufi ya jibu sahihi imekolezwa, maelezo hakuna. Wadogo zangu waliomaliza intaniship juzijuzi hunitumia na kuuliza, "Kaka, hili linatosha?" Huwa nawajibu kwamba halitoshi, hata lingekuwa na maswali elfu kumi.

Njia hiyo niliipita. Mara ya kwanza nilipojaribu, nilipiga msuli miezi minne kwa madesa ya namna hiyo, nikafika mahali nikisoma mstari wa kwanza tu najua jibu ni C. Mtihani ulipokuja, mgonjwa alikuwa yule yule ila kilichoulizwa kimegeuzwa. Sikuwa na pa kushika. Niliukosa ule mwaka, na iliniuma sana.

Chukua swali ambalo karibu kila daktari amekutana nalo. Dereva wa bodaboda ameanguka, humerasi, yaani mfupa wa kati ya bega na kiwiko, imevunjika katikati, na sasa kiganja kimening'inia, hawezi kukiinua. Neva gani imeumia: aksilari, mediani, alna au radiali? Wengi wanachagua radiali, wanaweka vema, wanaendelea na swali linalofuata. Naomba ubaki hapo dakika tano. Kwa nini radiali? Kwa sababu inazunguka nyuma ya mfupa huo ikiwa imeugusa kabisa, kwa hiyo mfupa ukivunjika hapo neva huumia kirahisi. Na mbona mgonjwa bado ananyoosha kiwiko? Matawi mengi yanayokwenda kwenye traisepsi, msuli unaonyoosha kiwiko, yameshachomoka juu ya palipovunjika.

Sasa rudi kwa yale matatu uliyoyaacha. Mfupa ungevunjika wapi ili jibu liwe aksilari? Juu, kwenye shingo ya humerasi, na mgonjwa angekufa ganzi ngozi ya upande wa nje wa bega. Alna je? Hiyo hupita nyuma ya nundu ya ndani ya kiwiko, na ikiumia kidole kidogo ndicho kinachokufa ganzi. Mediani? Hapo mfikirie mtoto aliyeanguka kutoka juu ya mwembe akavunjika juu kidogo ya kiwiko. Swali lilikuwa moja, lakini sasa umesoma mkono mzima.

Hili lina faida hata kwenye hesabu ya alama. Maswali mengi yanayonifikia yametungwa kwa ajili ya madaktari wa India, wanaofanya NEET-PG, mtihani wao wa kuingia masomo ya ubingwa: maswali 200 kwa saa tatu na nusu, yaani sekunde 63 kwa swali. Jibu sahihi lina alama 4, na kosa linakukata 1. Ukibahatisha kati ya majibu manne bila kujua chochote, kwa wastani unaambulia robo alama. Ukiweza kufuta mawili kwa uhakika, wastani unapanda hadi alama moja na nusu. Anayejua kwa nini jibu fulani si sahihi anavuna hata pale asipolijua lililo sahihi.

Linaloniudhi zaidi ni usemi kwamba fiziolojia, bayokemia na famakolojia ni mambo ya mwaka wa kwanza na wa pili, ya kukariri tena kwa ajili ya mtihani kisha kuyasahau. Ingia wodini. Mgonjwa wa kifua kikuu aliye kwenye dolutegravir, dawa ya VVU, tunampa miligramu 50 mara mbili kwa siku badala ya mara moja, kwa kuwa rifampisini, dawa yake ya kifua kikuu, inachochea vimeng'enya vya ini na dolutegravir inavunjwa haraka. Anayeelewa hapo hahitaji desa kumwambia kwamba mwanamke anayetumia rifampisini huku ana kipandikizi cha uzazi wa mpango anaweza kushika mimba. Vimeng'enya ni hivyo hivyo. Huyo mwanamke yuko kliniki leo, na hakuja na herufi nne za kuchagua.

Mara ya pili tulisoma watano. Kila Jumapili kila mmoja alileta swali alilolitunga mwenyewe kutokana na mgonjwa aliyemwona wiki hiyo. Kutunga ni kazi ngumu, hasa kupata majibu ya uongo yanayokaribia ukweli. Siku moja mwenzetu alileta swali la mtoto wa miaka minne mwenye selimundu, ana homa na mfupa wa paja umevimba: kimelea gani? Salmonela, tulijibu wote kwa pamoja. Akauliza kwa nini isiwe neumokoka, bakteria wa nimonia, tukanyamaza. Tulikaa karibu saa nzima juu ya swali hilo, tukianzia pale valini inapochukua nafasi ya asidi ya glutamiki kwenye mnyororo wa beta wa himoglobini, hadi wengu uliokufa kidogo kidogo kwa kukosa damu na kuacha kuchuja bakteria wenye kapsuli, yaani ganda la nje. Kisha akabadilisha neno moja, maambukizi ya mfupa yakawa ya damu, na jibu likahamia kwa neumokoka. Tangu siku hiyo, nikimwandikia mtoto wa selimundu penisilini ya kila siku, huwa namweleza mama yake kazi ya wengu.