Kabla Hujashusha Giaboksi, Chomoa Plagi

“Giaboksi imekufa, tafuta ya Japan.” Hukumu hiyo hutolewa gereji hata boneti haijafunguliwa vizuri. Gari lenyewe, la otomatiki, limekuja likitembea! Ugonjwa wake ni wa kuja na kuondoka: leo linang'ang'ania gia moja, taa ya O/D OFF inapepesa kwenye dashibodi, dereva anazima na kuwasha, linakwenda kama halijawahi kuumwa. Kesho kimya. Keshokutwa tena, kwenye foleni, jua la saa saba. Kwa ushahidi huo tu, mtu anaambiwa akatafute pesa ya giaboksi nzima.

Marehemu gani huyu anayefufuka kwa ufunguo?

Plati za klachi zikishaungua zimeungua. Haziponi Jumanne zikaumwa tena Alhamisi. Kinachopona na kuumwa ni mguso: pini ya plagi yenye kutu (plagi ya kuunganishia waya, si ile ya moto wa injini), waya uliokatikia ndani ya ganda lake, koili ya solenoidi, yaani vali ya umeme inayoelekeza oili ndani ya giaboksi, inayoachia ikipata moto. Kompyuta ya gari ikipoteza mawasiliano na solenoidi, inaacha kubadilisha gia kwa makusudi ili isiunguze kitu, inakubakizia gia ya kukufikisha nyumbani.

Kinachoudhi zaidi ni kwamba kubadilisha giaboksi “kunaponya”. Kwa nini kusiponye? Ili uishushe lazima uchomoe plagi, na unapozirudisha pini zinasuguana, kutu inakwanguka. Isitoshe, giaboksi ya mtumba mara nyingi inakuja na solenoidi zake na swichi yake ya P-R-N-D ubavuni, ile inayoiambia kompyuta mkono wa gia uko wapi. Umebadilisha kidude kimoja kibovu, ukalipia na mzigo wote wa chuma uliokuwa mzima. Na kama kosa lilikuwa kwenye waya wa upande wa gari, mvua ikinyesha utarudi pale pale, uambiwe mtumba ni bahati nasibu.

Chukua U340E ya Toyota, ile ya gia 4 iliyomo kwenye IST nyingi na baadhi ya Vitz za mitaani kwetu. Anza na oili: ni Type T-IV, na hupimwa ikiwa ya moto, nyuzi 70 hadi 80, injini ikiunguruma, baada ya kupitisha mkono wa gia kuanzia P hadi L na kuurudisha P. Halafu betri: volti 12.6 ikiwa imetulia, 13.5 hadi 14.5 injini ikiwaka. Halafu ethi, yaani waya wa hasi unaoshika chuma cha gari: ncha moja ya mita ya umeme kwenye hasi ya betri, nyingine kwenye mwili wa giaboksi, injini, taa na feni vikiwaka. Ikisoma zaidi ya volti 0.2, safisha waya huo kabla hujagusa kingine.

Sasa leta mashine ya kusoma namba za kosa. Soma, andika, USIFUTE. Fundi anayefuta namba za kosa kwanza ndipo aanze kufikiri ameshakula ushahidi, maana kompyuta mara nyingi huhifadhi na hali ya gari wakati kosa lilipotokea: joto la injini, mwendo, mizunguko. P0753 ni umeme wa solenoidi A. P0758 ni umeme wa solenoidi B. P0705 ni swichi ya mkono wa gia. Hakuna hata moja hapo inayosema nunua giaboksi.

Chomoa plagi ya giaboksi upime solenoidi za kubadilisha gia: ohm 11 hadi 15 zikiwa baridi. Ile ya presha, SLT, ni 5.0 hadi 5.6. Wengi huishia hapa. Wanasoma 13 asubuhi, chuma kikiwa baridi, wanatangaza solenoidi nzima, wakati gari linaumwa likiwa moto! Liendeshe mpaka kosa litokee, upime tena papo hapo. Shaba huongeza ukinzani kadiri inavyopata joto, kwa hiyo 13 ya asubuhi ikiwa 16 hivi kwenye nyuzi 80, hiyo ni afya. Mita isiposoma chochote, mhalifu kapatikana, na anatolewa kwa kufungua sampu tu, bakuli la oili chini ya giaboksi.

Zikiwa nzima baridi na moto, hamia kwenye waya. Toa kichwa cha betri, chomoa plagi upande wa kompyuta, rudisha ile ya giaboksi, kisha pima pini ya solenoidi hiyo hiyo kwenda ethi. Mtu wa pili atikise mafungu ya waya taratibu, hasa yanapopita chini ya betri na yanapopinda kuingia kwenye giaboksi. Namba ikiruka, simama hapo.

Swichi ya ubavuni huuawa na maji ya presha ya kuoshea injini. Dalili zake: starta inagoma kwenye P lakini inakubali kwenye N, taa ya rivasi inapepesa, herufi ya gia inapotea kwenye dashibodi. Mercedes zenye giaboksi ya 722.6 zina lao: raba za plagi zikikakamaa, oili hupanda na waya mpaka kwenye kompyuta, gari likabaki gia ya 2. Na wenye CVT, giaboksi ya mkanda isiyo na gia za hatua, aliyewawekea oili ya giaboksi ya kawaida hakuwatakia mema.

Haya, zipo zilizokufa kweli. Oili nyeusi inayonuka kuungua, vipande vya chuma kwenye sampu (unga laini kwenye sumaku ni kawaida), hapo fundi yuko sahihi. Na wenye magari nao wana yao: gari linaletwa asubuhi, linatakiwa jioni, na saa za kutafuta kosa hakuna anayetaka kuzilipia. Anataka kulipia kitu anachokiona kwa macho.

Basi kama umeshaamua kununua, nenda kwa wauza spea wa Gerezani, Dar, au Kirinyaga Road, Nairobi, na mita mfukoni. Plagi ya giaboksi iko wazi pale juu ya meza. Pima solenoidi zake zote kabla ya kutoa hela. Muuzaji akikataa, mwachie giaboksi yake.