Njumu za Babu

Kabla hamjaimeza ile ya Sudi, eti nilikimbia mjini nikilia, kikoi kimeanguka: sikulia. Na kikoi hakikuanguka chote.

Mwajua nashona makubadhi hapa Mji wa Kale, Mombasa. Juzi nikafungua sanduku la marehemu babu, aliyekuwa dereva wa wawindaji mpaka uwindaji ulipopigwa marufuku mwaka 1977. Ndani nikakuta boksi la vitundu mia, kila kitundu na kikombe chake cha shaba, upana kama nusu sentimita. Wenzangu wangeuliza. Mimi nikaona njumu za bure za kupambia ngozi! Moja nikaigandisha kwa gundi kwenye kubadhi langu mwenyewe, nione inavyong'aa. Ikang'aa. Zilizobaki nikazimimina kwenye chupa ya jamu, nikaiweka kando ya goti. Boksi nikatupa. (Hiyo chupa ishikeni vizuri.)

Sasa. Kubadhi la mteja juu ya chuma. Njumu juu ya ngozi. Bismillahi. Nyundo ikapanda. Paka akaniangalia kama anayeniaga. Nyundo ikashuka.

PAAA!

Masikio yakajaa nyenje. Kamoshi, harufu kama ya kiberiti. Naitazama nyundo, nayo yanitazama. Nikajipapasa: pua ipo, macho mawili, vidole kumi na kimoja. Nikahesabu tena. Bi Rehema akachungulia dirishani: "We kijana, umekufa?"

Nikajibu kwa adabu, "Shikamoo. Bado."

Hapo ndipo miguu ilipokata shauri bila kunishirikisha. Mbio mpaka karibu na Ngome, mkono mmoja kikoi, wa pili nyundo. Sudi alikuwa hapo anakunywa kahawa. Wallahi ningekuwa yeye, ningesambaza pia.

Muuza kahawa, mzee aliyemjua babu, akacheka mpaka akaketi. Hizo ni fataki, mwanangu! Za wale wazungu waliojijazia wenyewe maganda ya risasi. Pini ya bunduki hugonga fataki, fataki hutoa moto, moto huwasha baruti. Kumbe nyundo yangu ilishika zamu ya pini. Na vile vitundu vya boksi ni vya makusudi, zisirundikane, maana rundoni moja ikilia huwaita wenzake. Uzee nao hauzipoozi. Akauliza nilizobakisha ziko wapi. Nikamwambia chupani. Kicheko kikakatika.

Polisi wakaja, tukatolewa majumbani, chupa ikaondolewa na wenye kuzijua, mimi nikapelekwa kituoni kuandika maelezo na kutukanwa. Kumbe nilipaswa kuziacha sandukuni zilivyo na kupiga simu. Haya.

Jioni, afande akaniita mezani.

"Zilikuwa ngapi?"

"Mia, afande."

"Ukapiga ngapi?"

"Moja."

"Zimehesabiwa mara mbili. Ziko tisini na nane."

Nikaanza kukuna kichwa. Yeye macho yakateremka taratibu, kifuani, kikoini, yakatua miguuni pangu, panapong'aa.

"Kijana," akasema, huku akirudi nyuma, "simama hapo hapo."