Nimemwajiri Wakili wa Kuninyima Nyongeza

Mimi ni mpakia taka wa jiji, nina miaka 19 nyuma ya lori, na sikuwahi kudhani kwamba ipo siku nitakuwa na wakili wangu. Sasa ninaye. Tatizo ni kwamba anakaa upande wa pili wa meza, na kazi ninayomlipa aifanye ni kunieleza, kwa sauti ya upole na Kiswahili kilichopigwa pasi, kwamba fedha za kuniongezea mshahara hazipo.

Ilianza hivi. Mkataba wetu wa hali bora, ule wa mishahara na masharti ya kazi, ulikuwa unakaribia kumalizika, na chama cha wafanyakazi kikaandika barua ya kuomba majadiliano. Jiji lina idara yake ya sheria, yenye wanasheria wanaopokea mshahara kila mwezi, na lina mkuu wa utumishi anayetufahamu kwa majina na kwa makosa. Tulitarajia kukaa na hao. Badala yake, baraza la madiwani likaazimia kumchukua wakili wa nje awe msemaji wake mkuu katika majadiliano. Nilikuwemo ukumbini siku hiyo, kwa kuwa kikao kilikuwa cha wazi. Ombi letu la glavu lilikuwa limelala katika kamati kwa miezi saba, lakini ombi la wakili liliwekwa katika fungu la mambo ya kawaida yanayopitishwa kwa mkupuo, likiwa limebanwa katikati ya kuthibitisha kumbukumbu za kikao kilichopita na kutengeneza kipaza sauti cha mwenyekiti. Nilipiga chafya, na nilipoinua kichwa tulikuwa tayari tuna wakili.

Sitaki nionekane mtu wa kulalamika tu, kwa hiyo nakiri kwamba sababu walizozitoa hazikuwa za kijinga. Sheria ya kazi ni fani inayojitegemea, na wanasheria wa jiji wamezama katika kesi za viwanja, mikataba ya barabara na madai ya watu waliotumbukia katika mashimo ya barabara hizo hizo. Tena mtu wa nje huja akasema maneno magumu, akaondoka na lawama zake, huku mkuu wa utumishi na sisi tukibaki kusalimiana. Sababu moja haikuandikwa popote, ila dereva wa lori letu aliigundua kabla hatujafika nje ya geti: viwango vya mishahara ya maofisa, wakiwamo wanasheria wa jiji, kwa kawaida hupandishwa kwa kufuata kile tunachokipata sisi wa chini, hivyo ukimtuma mwanasheria wa jiji aje kutunyima, umemtuma ajinyime mwenyewe, na mtu wa namna hiyo hawezi kukaza sauti.

Nilipofika nyumbani nikamweleza mke wangu. Akasikiliza hadi mwisho, akauliza, “Baba watoto, huyo wakili analipwa na nani?” Nikamjibu kwamba analipwa na jiji. “Na jiji linapata wapi?” Kwenye kodi na ushuru. “Nani anatoa kodi?” Hapo nikajifanya natafuta viatu vyangu, ingawa nilikuwa nimevivaa.

Mkataba wa wakili uliambatishwa katika makabrasha ya kikao, na katika kuusoma ndipo nilipojifunza kwamba analipwa kwa saa, na kwamba saa yake haifanani na yangu. Yangu ina dakika 60, nayo huisha nikiwa hoi. Ya wakili imekatwa vipande 10 vya dakika 6 kila kimoja, na kipande kikishaguswa kimeliwa chote. Akipokea simu ya dakika 2, anaandika 6. Akisoma barua ya mstari mmoja isemayo kwamba barua yake imepokelewa, anaandika 6. Nilipouliza nikaambiwa kwamba hakuna wizi wowote, ndivyo ofisi nyingi za mawakili zinavyohesabu, na ninaamini. Ninachoshindwa kukimeza ni kwamba mimi nikichelewa dakika 3, msimamizi ananipigia mstari mwekundu kwenye daftari la mahudhurio na nusu siku yangu inakwenda. Yaani katika jiji moja, chini ya mkurugenzi mmoja, dakika 2 za mtu zinanenepa kuwa 6, na dakika 3 za mwingine zinameza saa 4.

Tangu nilipoijua hesabu hiyo sikukaa tena kwa amani kwenye meza ya majadiliano, ambako wenzangu walinichagua niwe mjumbe kwa sababu nina sauti kubwa. Kikao cha kwanza, mwenyekiti wa tawi letu, mzee mwenye adabu zake, alimsalimu wakili kikamilifu: habari za safari, habari za afya, habari za wazazi, habari za kazi, mvua je, imeshawafikia huko? Wakili alijibu kila swali bila haraka, kama mtu anayechuma. Pembeni yake alikaa wakili mdogo aliyekuwa akiandika kila kinachosemwa, naye ana saa zake, kwa hiyo mvua ile ililipiwa mara mbili. Nikamgusa mwenyekiti mguu chini ya meza. Baadaye katibu aliniita kando akanionya kwamba majadiliano yanahitaji subira. Nikamwambia subira ninayo, ila hiyo anayoizungumzia inakatwa kwangu.

Zaidi ya hapo, muda wa safari nao unalipwa. Asubuhi ya kikao cha tatu tuliingia mtaa mmoja mwembamba wenye mapipa mengi, lori likaziba njia kama kawaida yake, na nyuma yetu kukawa na foleni. Gari la pili kutoka mbele lilikuwa la wakili. Alikuwa ametulia kabisa, kioo amekishusha, anasoma jarida. Wengine wote walikuwa wakipiga honi isipokuwa yeye, na sasa ninaelewa kwa nini. Mimi niliyekuwa na pipa begani ndiye niliyekuwa nikimchelewesha, mimi ndiye niliyekuwa nikimlipa kwa kuchelewa huko, na nilipokimbia kumaliza ili nisijitie hasara zaidi, msimamizi akanikaripia kwamba nimemwaga taka barabarani.

Vikao viwili vya mwanzo vilikwisha kwa kujadili jinsi tutakavyojadiliana: nani atazungumza, nani ataandika, nani ataruhusiwa kusema na magazeti, na upande ukitaka kutoka nje kushauriana utatoka kwa muda gani. Nasikia ni utaratibu wa kawaida kila mahali, na kwamba usipoupanga mapema utakuja kuujutia. Kwa hilo sina neno. Neno langu linaanzia kwenye kifungu cha glavu.

Sisi tuliandika: “Mwajiri atatoa glavu.” Maneno matatu, hata pipa lingeyaelewa. Wakili akasema mteja wake hana pingamizi na glavu kama glavu, ila angependa kuongeza neno moja, na sentensi isomeke: “Mwajiri atatoa glavu itakapowezekana.” Katibu wetu, ambaye aliwahi kufundisha kabla hajaajiriwa na jiji, akaruka. Kama ni lazima neno liwepo, akasema, basi liwe “inapowezekana”, kwa maana kwamba uwezekano upo leo na kesho na kila mara unapotokea glavu zitolewe. “Itakapowezekana” inausukuma uwezekano mbele, kwenye siku ambayo hakuna kalenda inayoionyesha. Wakili akatabasamu, akasema kwamba msomi mwenzake amelifafanua jambo vizuri kuliko yeye mwenyewe, na kwamba hicho hasa ndicho anachokitaka. Wakabishana kwa kikao kizima na robo ya kilichofuata. Mimi nililiandika lile neno kwenye kiganja, nikalikata silabi, nikagundua kwamba tofauti yote iko kwenye kiambishi kimoja: upande wetu kuna “na”, upande wao kuna “taka”. Miaka 19 nimebeba taka za kila aina, za majumbani, za hospitali, hata za ukumbi wa baraza lenyewe, lakini sikuwahi kukutana na taka iliyofichwa katikati ya neno, wala taka ghali kiasi kile. Nyuma ya ratiba ya zamu nilipiga hesabu ya saa za mawakili wawili zilizotumika kwenye kiambishi hicho, nikaona zingetosha kutuvisha glavu sote, mikono yote miwili, na za akiba zikabaki ghalani. Kifungu kikawekwa pembeni ili tukirudie baadaye.

Siku nyingine alinipandisha cheo. Katibu wetu hutembea na faili la mikataba ya Shirika la Kazi Duniani, na siku hiyo aliutoa Mkataba Namba 98 wa mwaka 1949, unaohimiza waajiri na vyama vya wafanyakazi kujadiliana kwa hiari. Wakili akamwomba afungue kifungu cha 6. Kinasema kwamba mkataba huo hauhusu watumishi wa umma wanaoshiriki katika uendeshaji wa dola. Chumba kikanyamaza, na wote wakanigeukia mimi, kwa kuwa nilikuwa nimekuja moja kwa moja kutoka kwenye zamu na hali yangu ilijieleza. Kwa muda wa mchana mmoja nilikuwa mwendesha dola. Niliiendesha kutoka nyuma ya lori, nikiwa nimeshika nguzo kwa mkono mmoja. Katibu akajibu, kwa ukali unaostahili, kwamba mbeba taka haendeshi dola, na kwamba hata hao wanaoiendesha walikuja kupewa Mkataba Namba 151 wa mwaka 1978, unaohusu watumishi wa umma na taratibu za kupanga masharti yao ya kazi. Wakili akakubali, lakini akaongeza kwamba huo nao unaruhusu sheria za nchi ziamue unavyowahusu watumishi wa ngazi za juu wanaotunga sera, au wale ambao kazi zao ni za siri kubwa. Hapo nilitaka kunyoosha mkono. Sera situngi, lakini kuhusu siri kubwa, hakuna mtu katika jiji hili anayejua kilichomo ndani ya mapipa ya madiwani kuliko mimi. Mwenyekiti akanigusa mguu, safari hii yeye.

Nimtendee haki wakili: anaijua kazi yake, hakuwahi kutuvunjia heshima hata mara moja, na ndiye aliyegundua kwamba jedwali la zamu za usiku katika mkataba wa zamani lilijumlishwa vibaya kwa hasara yetu, akalisema waziwazi. Kinachoniudhi ni kwamba hana ruhusa. Kila tukifika mahali pa kukubaliana, hufunga kalamu yake na kusema kwamba itabidi arudi kwa mteja wake. Katibu alimsomea, kutoka faili lile lile, Pendekezo Namba 163 la mwaka 1981, linalosema kwamba pande zinazojadiliana ziwape wajumbe wao mamlaka ya kuendesha majadiliano na kuyahitimisha. Alilisikiliza kwa makini, akaliita pendekezo zuri, akasema atalifikisha kwa mteja wake. Kwenda kwa mteja ni saa, kumsubiri mteja ni saa, na kurudi kutuambia kwamba mteja bado anatafakari ni saa. Nilimuuliza mteja huyo hasa ni nani. Akanijibu kwamba ni jiji, yaani, kwa maana pana, wananchi wote. Nikamwambia mimi ni mwananchi, nipo hapa, na ninamruhusu akubali. Wakili mdogo aliandika jambo hilo, kisha akalifuta.

Mkataba wake ulikuwa na kikomo cha malipo, na kwa kweli nilikuwa nimekiwekea matumaini, nikijua kwamba kikifikiwa lazima watu watafute njia ya kukubaliana. Kilifikiwa. Baraza likakaa na kukiongeza, katika fungu lile lile la mambo ya kawaida, na maelezo yakawa kwamba majadiliano yamechukua muda mrefu kuliko ilivyotarajiwa kutokana na msimamo wa wafanyakazi. Ukurasa unaofuata wa makabrasha hayo hayo ulikuwa na taarifa ya mweka hazina isemayo kwamba hali ya fedha hairuhusu nyongeza kwa sasa. Karatasi hizo mbili zilishikanishwa kwa pini moja.

Wiki iliyopita pande zote zikakiri kwamba tumekwama, na tukakubaliana jambo moja kwa mara ya kwanza tangu tuanze, nalo ni kumwita msuluhishi. Msuluhishi hana mamlaka ya kumlazimisha mtu yeyote. Atakaa na sisi, atakaa nao, atabeba maneno kutoka chumba hiki hadi kile, na gharama yake itagawanywa nusu kwa nusu. Katibu alilitangaza hilo kwa fahari kama ushindi. Nusu ya jiji itatoka kwenye kodi. Nusu ya chama itatoka kwenye ada zetu za uanachama, zinazokatwa kwenye mshahara kabla haujanifikia.

Nilimpa mke wangu taarifa hiyo usiku, akahesabu kwa vidole: wakili mkubwa, wakili mdogo, foleni, msuluhishi nusu ya kwanza, msuluhishi nusu ya pili. “Baba watoto,” akasema, “katika mambo yote mnayobishania mezani, lipo hata moja ambalo mpaka sasa hujalilipia wewe?” Nikamwambia nilidhani lipo, glavu. Akanyoosha mkono kwenye msumari nyuma ya mlango, akanirushia jozi niliyojinunulia mwezi uliopita.